Mpaka wa mgodi unapimwa kutoka angani: Lualaba ijenge kituo chake cha vipimo

Tuchukue mfano ambao kila mkaaji wa Kolwezi anaweza kuuelewa. Kijana mchimbaji wa mikono amesimama pembezoni mwa Mutoshi, simu mkononi. Simu inamwonyesha kwamba yuko nje ya konsesio. Upande wa pili wa seng'enge, jeometre wa kampuni anasoma mashine yake na kumwambia: hapana, uko ndani, umeingia mita sita. Wote wawili wanasikiliza satelaiti zilezile. Wala hakuna kati yao anayesema uongo.

Katika Kolwezi, mita sita si kitu kidogo. Mita sita zinatosha kwa shimo moja, na shimo moja linalisha familia za watu wanne au watano. Mita sita ndizo zinazotenganisha mtu anayeitwa mchimbaji na mtu anayeitwa mwizi. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida linaachwa kwa wataalamu: ile hewa ya juu sana inayopotosha vipimo vya GPS, namna ya kuichunguza, na namna ya kusahihisha makosa yake. Msimamo wetu ni huu: usahihishaji huo upo, unajulikana, lakini huku kwetu uko mikononi mwa wenye nguvu tu. Unapaswa kuwa mali ya umma.

Satelaiti za GPS zinazunguka karibu kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu. Kila moja inatuma mawimbi yanayosema: mimi niko hapa, na saa yangu inasoma hivi. Simu inapima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha inauzidisha kwa mwendo wa mwanga ili kupata umbali. Ikipata umbali kutoka satelaiti nne au zaidi, inajua iko wapi. Lakini mwanga unakimbia sana. Gawa sekunde moja mara bilioni: katika kipande kimoja tu cha hivyo, mawimbi yamekwisha kwenda sentimita 30. Kwa hiyo chochote kinachochelewesha mawimbi, hata kidogo kabisa, kinageuka kuwa mita ardhini.

Kinachochelewesha zaidi ni tabaka la anga linaloitwa ionosfia. Linaanza karibu kilomita 50 juu na kupita kilomita 1,000. Huko mwangaza mkali wa jua unapasua chembe za hewa na kuacha elektroni zikielea huru. Elektroni zikiwa chache, mawimbi yanapita karibu bila shida. Zikiwa nyingi, yanachelewa, na mashine inafikiri satelaiti iko mbali kuliko ilivyo.

Tabaka hilo halikai namna moja. Kabla ya mapambazuko limelegea. Mchana linajaa, na kwa kawaida linafika kilele baada ya saa sita. Linabadilika kwa majira, na linabadilika pia kwa mzunguko wa jua lenyewe, ambao unachukua karibu miaka 11 kutoka utulivu hadi ghasia na kurudi kwenye utulivu.

Halafu kuna suala la mahali. Sisi wa ukanda wa joto tumepewa sehemu ngumu ya anga. Katika Afrika, ikweta ya sumaku haipiti Mbandaka wala Butembo kama ikweta ya ramani. Inapita kaskazini zaidi, juu ya nchi kama Nigeria na Ethiopia. Mchana, elektroni zilizo juu ya mstari huo zinasukumwa kwenda juu, kisha zinateremka pande mbili, kama maji ya chemchemi yanayoruka na kuanguka pembeni. Zinajikusanya katika kanda mbili, moja kaskazini na moja kusini. Ukanda wa kusini unapita juu ya Kongo. Kolwezi, kwenye digrii 10.7 hivi za kusini, iko upande wa kusini wa ukanda huo. Satelaiti tunazozipata upande wa kaskazini zinatuma mawimbi yao kupitia humo humo ndani.

Jioni ni shida ya namna nyingine. Jua likizama, lile tabaka linaweza kuchanika na kutoa mapovu makubwa yasiyo na elektroni nyingi. Mawimbi yakipita humo yanatetemeka, yanafifia na kurudi, kama sauti ya redio usiku wa mvua. Mashine nzuri kabisa inaweza kupoteza satelaiti mbili au tatu kwa mara moja. Hali hii huonekana zaidi kati ya machweo na usiku wa manane, hasa miezi ya tatu na ya nne, kisha ya tisa na ya kumi, na hasa jua linapokuwa katika miaka yake ya ghasia.

Na miaka hiyo ndiyo tuliyomo. Katika mwezi wa kumi 2024, mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limefika katika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 10 na 11 mwezi wa tano, dhoruba ya sumaku ya ngazi ya juu kabisa, ya kwanza ya ngazi hiyo tangu 2003, iliipiga dunia. Huko Marekani na Canada, wakulima waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na satelaiti, kwa sababu mistari ya mashamba ilikuwa imepinda. Kama trekta la mkulima tajiri lilisimama, tusijidanganye kwamba simu ya mchimbaji wa Mutoshi ilikuwa na kinga.

Hapa tuseme neno juu ya Mutoshi penyewe, ambapo wazee bado wanapaita Ruwe. Kuanzia 2018, kampuni ya Chemaf, mnunuzi Trafigura na shirika la Pact walijaribu jambo ambalo lilizungumziwa mbali sana na Kolwezi: kuruhusu wachimbaji wa mikono, kupitia kooperative, kufanya kazi ndani ya sehemu ya konsesio iliyozungushiwa uzio, wakiwa na mavazi ya usalama na mlango wa kuingilia. Jaribio lilisimama mwezi wa tatu 2020, wakati wa COVID-19. Wengi wamejadili bei ya kobalti iliyonunuliwa pale, usalama wa mashimo na nafasi ya wanawake. Jambo moja halijajadiliwa: kipindi kile chote, jua lilikuwa limelala. Utulivu mkubwa wa mzunguko ulikuwa mwezi wa kumi na mbili 2019. Mtu aliyepima wakati ule kwa kifaa cha kawaida alipata namba nzuri kuliko atakayopata akirudi leo mchana na kifaa kilekile mahali palepale.

Hatusemi uzio ule ulipimwa vibaya. Tunasema kwamba vipimo viwili vya miaka tofauti vinaweza kupishana bila mtu yeyote kung'oa nguzo usiku. Na katika mji ambao kila upande unamshuku mwenzake, tofauti isiyoelezwa inageuka kuwa shutuma. Kolwezi inajua gharama ya mipaka isiyoeleweka. Tangu 2014, mtaa wa Kasulo uliona watu wakichimba ndani ya lupango zao wenyewe, chini ya nyumba, mpaka sehemu yake ikazungushiwa ukuta mwaka 2017. Swali la nani yuko ndani na nani yuko nje halijaondoka katika mji huu hata siku moja.

Sheria yenyewe inafanya swali hilo kuwa la namba. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa nchi katika miraba. Kila mraba una upande wa sekunde 30 za digrii, yaani pungufu kidogo ya kilomita moja, na eneo la hekta 84.955. Kadastre ya Madini inatoa kibali kwa kuhesabu miraba hiyo. Kwenye karatasi mpaka ni safi kama kioo. Lakini mwenye kibali cha kuchimba lazima aende kuuweka ardhini kwa nguzo, na hapo ndipo anga inapoingia. Sekunde moja ya digrii ni karibu mita 31. Kosa la mita 10 halionekani kwenye ramani ya Kinshasa. Ni theluthi ya sekunde tu. Ardhini Mutoshi, mita 10 ni njia nzima ya kupitia, au mstari wa mashimo, au nyumba ya mtu.

Sasa, kosa hilo linasahihishwaje? Njia ya kwanza iko ndani ya simu zetu zote. Satelaiti za GPS zinatangaza namba chache za fomula iliyotungwa na Mmarekani John Klobuchar, ambayo inakisia ionosfia ya saa hiyo. Inaondoa karibu nusu ya kosa. Nusu ni afadhali kuliko sifuri, lakini nusu nyingine inabaki.

Njia ya pili ni kusikiliza mawimbi mawili badala ya moja. Ionosfia inachelewesha zaidi mawimbi ya chini kuliko ya juu. Mashine inayopokea yote mawili inalinganisha ucheleweshaji na kufuta karibu kosa lote la anga. Baadhi ya simu mpya zina uwezo huo, lakini si zile zinazouzwa kwa wingi sokoni.

Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Mashine moja inafungwa juu ya nguzo ya zege ambayo mahali pake panajulikana kwa sentimita. Kila sekunde inajua inapaswa kuwa wapi, na satelaiti zinaiambia iko wapi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kosa la anga la wakati huo. Inatuma kosa hilo kwa redio au kwa intaneti kwenye mashine ya pili inayotembea na jeometre. Zikiwa karibu, mashine zote mbili zinatazama anga ileile, kwa hiyo kosa la moja ni kosa la nyingine, na linafutika mpaka kufikia sentimita. Zikiwa mbali kwa makumi ya kilomita, kila moja inapita katika ionosfia yake, na usahihi unapungua.

Migodi mikubwa ya kisasa inafanya kazi hivyo. Ina kituo chake, ndani ya uzio wake, kwa ajili ya mashine zake. Hatuilaumu, bila hivyo huwezi kuongoza mashine ya kutoboa wala kulinda ukuta wa shimo usiporomoke. Lakini tazama matokeo yake siku ya ugomvi. Upande mmoja unakuja na sentimita, upande mwingine na simu inayotangatanga. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hakuna hakimu atakayeamini simu, na kwa kweli hapaswi kuiamini.

Kuna tena jambo ambalo sentimita haziambii mtu. Kituo cha binafsi kikiwekwa vibaya tangu siku ya kwanza, kila nguzo inayopimwa kutoka kwake inahama pamoja nacho. Namba zitapatana zenyewe kwa zenyewe, zitapendeza, na zote zitakuwa na kosa. Anayeweza kuligundua ni mtu wa nje mwenye kituo kingine. Bila kituo cha umma, mgodi unajipima na kujisahihisha wenyewe.

Je, tunaomba mwezi na nyota? Hapana. Tuangalie majirani. Vituo vya kudumu vinavyochangia katika mtandao wa kisayansi wa dunia vimewekwa Mbarara nchini Uganda, Malindi nchini Kenya, karibu na Libreville nchini Gabon na Lusaka nchini Zambia. Lusaka iko karibu kilomita 600 kutoka Kolwezi: inasaidia wanasayansi, lakini ni mbali mno kumsaidia jeometre wa Manika au Dilala kufuta kosa la anga ya hapa. Afrika ya Kusini ilifungua mwaka 2022, pale Hermanus, kituo cha kufuatilia hali ya anga ya juu usiku na mchana. Na ASECNA, shirika la usalama wa ndege lenye makao yake Dakar, linatengeneza huduma ya kusahihisha GPS kwa ndege za Afrika, na lilianza kurusha ishara za majaribio mwaka 2020.

Hatuhitaji hata kuvuka mpaka. Goma, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano pamoja na washirika wake wa Ubelgiji na Luxembourg wamekuwa na mtandao wa mashine za aina hiyo zinazotazama ardhi ikivimba na kushuka kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira. Mashine hizo hupima milimita katika ukanda uleule wa joto, chini ya ionosfia ileile ngumu, katika mji uliopita vita na volkano. Kama Goma imeweza, Kolwezi yenye umeme wa migodi haiwezi kusema haiwezekani.

Wengine watatuambia: fedha ziko wapi? Jibu liko ndani ya sheria. Ushuru wa mrabaha wa madini unagawanywa: asilimia 25 ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya komini na maeneo ambako mgodi uko. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi hii yetu. Antena moja, nguzo ya zege, betri, paneli ya jua na intaneti: hiyo si hesabu ya kuumiza kichwa cha jimbo la Lualaba.

Wengine watasema: mnawapa wavamizi kisingizio, kila atakayekamatwa ndani ya konsesio atasema ni ionosfia. Hilo ni pingamizi la haki, na tunalijibu wazi. Anga haielezi mita 200. Mtu aliyevunja uzio usiku na kwenda mpaka katikati ya mgodi hakupotezwa na elektroni. Na si kila tofauti inatoka juu: simu iliyo chini ya mabati au kando ya ukuta wa shimo inakosea kwa sababu mawimbi yanagonga na kurudi, na ramani za zamani za Katanga zimejengwa juu ya hesabu nyingine, inayoweza kuhamisha alama kwa zaidi ya mita mia ukizisoma kwa GPS bila kugeuza namba. Kituo cha umma ndicho kitakachonyamazisha visingizio vya kila upande, kwa sababu kitaonyesha ni kosa gani lilikuwa la anga na ni lipi lilikuwa la mtu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

La kwanza: serikali ya jimbo, pamoja na Taasisi ya Jiografia ya Kongo na Chuo Kikuu cha Kolwezi, waweke kituo cha kudumu cha umma hapa mjini, na data zake ziwe wazi kwa kila mtu, mchana na usiku. Wanafunzi wetu watajifunza ionosfia ya kwao, si ya vitabu tu.

La pili: kila mgodi wenye kituo cha binafsi uunganishe kituo hicho na cha umma, na tofauti kati yake ziandikwe katika kadastre.

La tatu: kila ripoti ya mpaka itaje tarehe, saa, aina ya mashine, kituo kilichotumika na kiasi cha kosa kinachowezekana. Namba isiyo na saa yake ni nusu ya ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mpaka ni hivyo hivyo.

La nne: pasiwe na mtu wa kufukuzwa, kukamatwa au kubomolewa nyumba kwa tofauti ya mita chache kabla ya vipimo viwili, siku mbili tofauti, asubuhi wakati anga imetulia, na pande zote mbili zikiwa zimesimama hapo, kooperative na chifu wakishuhudia. Matokeo yaelezwe kwa Kiswahili, si kwa karatasi ya Kifaransa inayopeperushwa mbele ya mtu asiyeisoma.

Kwa ndugu zetu wachimbaji, shauri letu ni fupi. Simu ni mwongozo wa njia, si shahidi wa mpaka. Kama unalazimika kuitumia, simama mahali wazi, mbali na mabati, asubuhi, ngoja dakika kadhaa, rudia siku nyingine, andika saa. Ukiona namba zinaruka jioni, usichimbe kwa kuzifuata. Jua litatulia tena miaka inayokuja, na vipimo vitakuwa vizuri zaidi, lakini miaka 11 ikizunguka ghasia itarudi. Kituo kikiwa kimesimama, itatukuta tumejiandaa, na yule kijana wa Mutoshi atakuwa na namba ya kumwonyesha jeometre.